Vifaa vya kujisikiliza masikioni jukwaani: namna ya kuviseti bila kuumiza masikio



Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo huenda ukashangaa kulikuta kwenye safu ya afya. Ni vile vifaa visivyo na waya wanavyovaa waimbaji na wapiga vyombo masikioni ili kujisikiliza wakiwa jukwaani. Mimi ni muuguzi, nimesomea kazi hii nyumbani na huku pia, na nikiwa kanisani au kwenye sherehe za harusi naulizwa kuhusu vifaa hivi karibu sawa na ninavyoulizwa kuhusu presha na sukari. Swali lenyewe huwa hivi: "Dada, nimenunua mtambo wa masikioni ili nipumzishe masikio, mbona bado yanalia?"

Jibu fupi ni kwamba mtambo huo haulindi sikio kwa kuvaliwa tu. Unalilinda pale unapokuwezesha kupunguza sauti, nawe ukaipunguza kweli. Ukifungwa vibaya unaweza kuwa mbaya kuliko ile spika ya sakafuni uliyoikimbia, kwa sababu spika iko mita mbili mbele yako, na hedifoni iko sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio. Vitabu vya kampuni huanza na mitambo na kumalizia na sikio, kama wakikumbuka. Mimi nitakwenda kinyume chake.

SIKIO LINAVYOCHOKA

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojisokota kama konokono. Humo mna seli ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Unazaliwa nazo zote, na kwa binadamu zikifa hazioti nyingine. Kelele kubwa huvilaza vile vinyweleo kama nyasi zilizokanyagwa. Ukivipumzisha vingi huinuka, ukivikanyaga kila wiki baadhi haviinuki tena. Ule mlio wa "ngiii" unaobaki nao usiku baada ya harusi, au kusikia kama umezibwa pamba, maana yake umeshazikanyaga. Kwamba asubuhi umeamka mzima si ushahidi kwamba hakuna kilichopotea.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidi desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Uingereza ina sheria ya kelele kazini ya mwaka 2005, ambayo tangu Aprili 2008 inahusu pia kazi za muziki na burudani, na inamtaka mwajiri aanze kuchukua hatua kelele ya siku ikifika wastani wa desibeli 80. Sasa chukua drams zinazopigwa kwa nguvu kwenye ukumbi mdogo wa kukodi. Kwa mpigaji mwenyewe na aliyesimama jirani yake, desibeli 100 ni jambo la kawaida.

Hapa ndipo maisha yetu ya ughaibuni yanapoingia. Wengi wetu tunapiga muziki Jumamosi na Jumapili, lakini siku nyingine tuko ghalani, kiwandani, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali au uwanja wa ndege. Sikio halina madaftari mawili, moja la kazini na moja la kanisani. Mtu aliyemaliza zamu ya saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85 ameshamaliza mgao wake wote wa siku kabla hajafika mazoezini. Na kwenye basi la kwenda huko, wengi wetu tunajua, ana hedifoni nyingine masikioni anasikiliza nyimbo atakazoimba.

Hasara ya kelele haiji kwa kishindo. Huanza na sauti za juu, nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f, t, k na sh. Maneno yetu ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, na watu wa nyumbani umeshazoea sauti zao, kwa hiyo nyumbani unasikia vizuri. Ila Kiingereza cha msimamizi wa kazi, chenye konsonanti zilizorundikana mwishoni mwa maneno, kinaanza kukuponyoka, hasa penye kelele. Nimekutana na watu wazima waliokaa huku miaka mingi wakiamini kwamba lugha imewashinda, wakaacha kuomba kupandishwa cheo, wakaacha kuhudhuria mikutano ya shule za watoto, kumbe lugha wanaijua na tatizo ni masikio. Hiyo ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana.

MTAMBO WENYEWE

Una sehemu tatu. Kuna transmita, inayokaa karibu na mikisa na kurusha sauti hewani. Kuna risiva, kijiboksi cha kufunga kiunoni. Na kuna hedifoni ndogo zinazoingia ndani ya tundu la sikio. Usizichanganye na zile za Bluetooth za simu. Hizo huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na huwezi kuimba na bendi ikiwa sauti yako inakurudia wakati umeshafika kwenye neno linalofuata.

Kabla ya kununua, hasa vifaa vilivyotumika, soma namba za masafa zilizoandikwa kwenye transmita. Vifaa hivi ni redio, na kila nchi ina sheria zake za masafa. Marekani ilizuia vifaa vya aina hii kwenye masafa ya 700 MHz tangu Juni 2010, na kuanzia Julai 2020 ikafunga pia 617 hadi 652 na 663 hadi 698 MHz, kwa sababu masafa hayo yalipewa kampuni za simu. Uingereza masafa ya 700 MHz yalifungwa Mei 2020. Huku Uingereza unaweza kutumia 863 hadi 865 MHz bila kibali, na ukitaka 606.5 hadi 613.5 MHz unakata leseni ya Ofcom. Ndugu akikuuzia mtambo kwa bei ya kutupa, huenda ni kwa sababu masafa yake hayaruhusiwi tena. Na kama unataka kupeleka nyumbani kwenye kontena, waulize kwanza TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kifaa kilicho halali Birmingham au Houston kinaweza kisiwe halali Tanga au Mombasa.

Hili nalo linahusu afya. Masafa yakigongana unasikia mikwaruzo na milipuko ya ghafla ndani ya sikio lililozibwa, na huna pa kuikimbilia.

ANZA NA SIKIO

Siri ya mtambo wote iko kwenye zile ncha laini zinazoziba tundu la sikio. Zikiziba vizuri hupunguza kelele ya nje kwa desibeli 20 au zaidi, na ukishapunguza kelele ya nje huhitaji sauti kubwa ndani. Zikiwa legelege kelele za drams zinaingia zote, nawe unaongeza sauti ili uzishinde. Hapo sasa unapigwa na kelele mbili kwa pamoja.

Ndani ya boksi huwa kuna ncha za ukubwa tofauti, za raba na za sponji. Zijaribu zote nyumbani kwa utulivu, usisubiri siku ya shughuli. Watu wengi hawajui kwamba tundu la kulia na la kushoto si lazima yalingane, kwa hiyo usione ajabu ukihitaji ncha ya kati upande mmoja na ndogo upande wa pili. Vijana, na wengi wa akina dada, wana matundu madogo zaidi. Ncha kubwa inayolazimishwa huumiza ngozi na hutoka yenyewe ukitabasamu.

Sponji unaivingirisha kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, unaingiza, kisha unaishikilia kama nusu dakika mpaka ivimbe. Raba haina haja ya kusubiri lakini nayo uvute sikio vilevile. Kisha fanya jaribio hili: funga mdomo, guna kwa sauti. Sauti yako ikisikika nzito kama uko ndani ya pipa, pande zote mbili sawasawa, umeziba vizuri. Jaribio la pili ni kupiga wimbo unaoujua wenye besi. Besi ikiwa nyembamba, kuna upenyo. Usiguse kitufe cha sauti, rekebisha ncha. Wapiga gitaa la besi ndio wanaoumia zaidi hapa, wanaikosa besi yao na kudhani mtambo hauna nguvu.

Dada zangu mnaovaa hijabu au kilemba, vaeni hedifoni kwanza, waya upite juu ya sikio na ushuke nyuma ya shingo, ndipo mfunge kitambaa. Mkivaa baada ya kufunga, kitambaa kinavuta waya na ncha inalegea katikati ya wimbo. Na mkifunge kwa namna ya kuweza kuzitoa haraka sauti mbaya ikitokea.

Wenye uwezo huenda kwa mtaalamu wa masikio wakachukuliwa umbo la tundu na kutengenezewa hedifoni zao. Ni ghali, lakini kwa mtu anayepiga kila wiki naona inalipa. Sikio litazamwe kwanza, kwa sababu haifai kuchukua umbo la sikio lenye nta nyingi au jeraha.

KUUNGANISHA NA KUSETI

Fundi mitambo, sehemu hii ni yako. Muombe mwimbaji asivae chochote mpaka utakapomwambia.

Weka antena ya transmita juu ya vichwa vya watu, iwe inamuona mvaaji, mbali na vyuma. Usiiweke ubavuni mwa risiva za maiki zisizo na waya, ziache mita chache kati yao, la sivyo itazipigia kelele. Mwili wa binadamu una maji mengi na maji hunyonya mawimbi ya redio, kwa hiyo risiva ya kiunoni ifungwe nyuma, antena yake ining'inie huru, isikunjwe ndani ya mkanda wala kubanwa kwenye jasho. Simu isikae mfuko mmoja nayo. Vifaa vya bei nafuu vya 2.4 GHz hutumia masafa yaleyale ya Wi-Fi, na kwenye ukumbi ambamo watu hamsini wanawarushia ndugu wa nyumbani harusi moja kwa moja, msishangae sauti ikikatika. Tafuta chaneli tupu ukumbi ukiwa umeshajaa na maiki zote zikiwa zimewashwa, si asubuhi ukiwa peke yako.

Kwenye mikisa tumia njia ya pembeni, ile iliyoandikwa AUX, na iwekwe kwenye PRE. Maana yake ukipandisha au kushusha sauti ya ukumbini, ya masikioni haibadiliki. Kama hukuiweka hivyo, siku utakayopandisha mwimbaji ukumbini kwa sababu watu wanapiga makofi, utampandishia na masikioni pia.

Sasa sikiliza mpangilio, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Risiva iwe sifuri. Bendi ipige kwa nguvu ileile watakayopiga kwenye shughuli. Pandisha sauti kutoka mikisa mpaka taa za transmita ziwe kijani wakati wote, na njano mara mojamoja kwenye kilele, nyekundu isiwake. Hapo ndipo mwimbaji avae, na yeye mwenyewe aongeze risiva polepole kutoka sifuri mpaka aanze kusikia vya kutosha, asimame hapo. Ukifanya kinyume, yaani transmita inapokea sauti ndogo na mwimbaji amefungua risiva mpaka mwisho kufidia, atasikia mchemko wa "shhh" muda wote. Kisha katikati ya ibada fundi anagundua sauti ni ndogo, anaipandisha kwenye mikisa, na yote inamlipukia masikioni.

Risiva nyingi zina kizuizi cha milipuko, kinaitwa limita. Kiwashe, na kisizimwe. Lakini kisikudanganye. Limita huzuia kishindo cha ghafla, kwa mfano maiki ikianguka. Haizuii sauti kubwa ya kawaida inayoendelea kwa saa tatu, na hiyo ndiyo inayoua zile seli polepole.

Weka kanuni kwenye kikundi kwamba hakuna anayechomeka au kuchomoa waya wa maiki au gitaa bila fundi kufunga kwanza chaneli hiyo. Ule mpasuko wa kuchomoa waya unajulikana kwa kila mtu, ila zamani ulikuwa ukumbini, siku hizi uko ndani ya vichwa vya watu sita. Betri nazo ziwe mpya au zilizochajiwa siku hiyo. Kwa risiva nyingi hudumu saa 4 hadi 7, na shughuli zetu, tukisema ukweli, hazianzi wala haziishi kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi.

Kwaya ya watu ishirini haihitaji seti ishirini. Kiongozi, mpiga kinanda na mpiga drams wakiwa nazo inatosha, wengine wapewe spika moja ndogo kwa sauti ya chini. Na mpiga drams hahitaji isiyo na waya, maana hatembei. Mpe ya waya, ni nafuu na haina mikwaruzo.

NINI KIINGIE MASIKIONI

Kosa la kawaida ni kutaka kusikia kila kitu. Mwimbaji anaomba kinanda, gitaa zote, drams, waitikiaji na yeye mwenyewe juu ya wote, kisha anashangaa hajisikii. Anza na sauti yako peke yake. Ongeza kitu kimoja cha kukupa tuni, kwa kawaida kinanda. Ongeza kitu kimoja cha kukupa mapigo. Imba. Mara nyingi utaona hicho kinatosha. Usipojisikia, mwambie fundi apunguze kingine badala ya kukuongeza wewe. Huo ndio ushauri mmoja ningeomba ukaubandike kwenye mikisa.

Kama mtambo ni wa stereo, utumie. Kinanda kiende kidogo kushoto, gitaa kidogo kulia, sauti yako katikati. Ubongo hutenganisha vizuri zaidi vitu vinavyotoka pande tofauti, na kitu kilichotengana husikika hata kikiwa na sauti ndogo. Kwa kundi la taarab lenye fidla, akodioni, kinanda na ganuni zikicheza kwa pamoja, jambo hili peke yake linaweza kumwezesha mwimbaji kushusha risiva.

Sasa lile tatizo la sikio moja. Karibu kila mwimbaji anayeanza huchomoa hedifoni moja, kwa sababu anajisikia amefungiwa chumbani, hawasikii watu. Nawaelewa. Kwenye taarab hasa, watu wanakuja mbele kukutunza, wanakunong'oneza, utawajibuje umezibwa? Lakini ukichomoa moja, sikio lililo wazi linapigwa na kelele zote za jukwaa bila kinga, na lililozibwa unaliongezea sauti, kwa sababu masikio mawili yakisikiliza pamoja sauti huwa kubwa kuliko sikio moja likisikiliza peke yake. Masikio yote mawili yanapata hasara. Dawa yake ni maiki moja au mbili zinazoelekezwa kwa watu, ambazo haziendi kwenye spika za ukumbi, zinaingia masikioni tu, kwa sauti ya chini. Utasikia makofi, vigelegele na "amina". Kama fundi hana maiki ya ziada, basi toa zote mbili na urudi kwenye spika ya sakafuni kwa sauti ndogo. Afadhali hiyo kuliko nusu nusu.

UTAJUAJE KAMA NI KUBWA MNO?

Programu za simu za kupima kelele, mfano ile ya NIOSH ya iPhone, zinapima ukumbi. Haziwezi kukuambia kilichomo ndani ya tundu lako lililozibwa. Kwa hiyo tumia njia ya redio ya gari. Unajua ile asubuhi unawasha gari na redio inakupigia kelele, na jana usiku uliiona ya kawaida? Masikio ya jana yalikuwa yamechoka. Fanya vivyo hivyo: shughuli ikiisha bandika kipande cha tepu kwenye kitufe cha risiva kuonyesha kilipoishia. Kwenye mazoezi yanayofuata, masikio yakiwa yamepumzika, weka risiva chini kabisa, vaa hedifoni, kisha panda polepole kuelekea kwenye alama ile huku bendi ikipiga. Ukitamani kusimama kabla ya kufika, pale ulipotamani kusimama ndipo alama yako mpya. Kila baada ya wiki chache rudia.

Angalia pia jinsi mkono unavyokwenda usiku huohuo. Kama ulianza kwenye 4 na saa mbili baadaye uko kwenye 7, hakuna kilichobadilika kwenye mtambo. Toa hedifoni, nenda nje ya ukumbi dakika kumi au kumi na tano, kunywa maji. Ukirudi utaanza tena na 4.

USAFI

Hedifoni si za kuazimana, kama mswaki. Kikundi kinaweza kushirikiana transmita na risiva, lakini kila mtu awe na hedifoni zake au angalau ncha zake. Baada ya shughuli futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha zikauke wazi, usizirudishe kwenye kiboksi zikiwa na jasho. Tundu la sikio lenye joto na unyevu ni shamba zuri la fangasi na bakteria. Ncha za sponji huwezi kuzisafisha kikamilifu, zibadilishe mara kwa mara.

Nta si uchafu, ni kinga. Usiifuate ndani kwa kijiti cha pamba, pini ya nywele, njiti ya kiberiti wala ufunguo. Vinaisukuma ndani zaidi, na hedifoni zinaishindilia. Ikizidi, matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni yasiyopashwa moto, mara tatu au nne kwa siku kwa siku tatu hadi tano, huilainisha ikatoka yenyewe. Lakini wengi wetu tulitoka usaha masikioni utotoni na huenda ngoma ya sikio imebaki na tundu. Kama ndivyo kwako, au sikio linauma au linatoa maji, usiweke mafuta wala kitu chochote, wala usivae hedifoni, mpaka daktari aangalie. Yale mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto tuliyowekewa na bibi zetu, tuwashukuru kwa upendo wao, lakini tusiyarudie.

Na kama uliwahi kutibiwa kwa sindano za TB kama streptomycin, sindano nyingi za gentamicin, au dawa za saratani kama cisplatin, mwambie anayekupima. Dawa hizo ziliokoa maisha, ila zinaweza kuwa ziligusa masikio. Mtu kama huyo aweke sauti chini zaidi ya wenzake.

DALILI ZA KUTOPUUZA

Mlio usioisha baada ya siku moja au mbili, kushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, sikio moja kusikia tofauti na jingine, sauti za kawaida kama vyombo vya jikoni kukuumiza, mpiga fidla kugundua noti moja inasikika kwa tuni mbili. Hizi zinahitaji kipimo cha kusikia. Uingereza unaanzia kwa daktari wako wa mtaa na hulipi, na una haki ya mkalimani bila malipo, usimchukue mtoto akutafsirie. Ukionekana unahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, NHS inatoa bure. Marekani angalia bima yako inalipia nini kabla ya kuweka miadi, na wa Ghuba wengi huanzia kwenye bima ya mwajiri. Mweleze anayekupima kwamba unapiga muziki na unafanya kazi gani, asipouliza.

Jambo moja ni la dharura. Ukiamka sikio moja halisikii, au likapoteza usikivu ndani ya siku mbili tatu bila sababu unayoijua, usiseme ni nta au ni mafua, na usisubiri wiki ijayo. Nenda siku hiyohiyo. Kuna uziwi wa ghafla unaotibiwa kwa dawa za steroidi, na dawa hizo husaidia zaidi zikianza mapema. Ukiambiwa na mapokezi kwamba nafasi ipo baada ya wiki mbili, waambie waziwazi kwamba usikivu umepotea ghafla, tangu lini, na upande gani.

Kwa kipimo cha kawaida, masikio yanatakiwa yawe yamepumzika kelele angalau saa 16, la sivyo mashine itapima uchovu wa jana. Kwa hiyo ukipewa miadi ya Jumatatu asubuhi na Jumapili usiku mna harusi, omba siku nyingine.